Nakala iliyokubali kuchomwa ikakataa kuchezwa: kisa cha Stevens na Sony

Diski za PlayStation ya kwanza zilikuwa nyeusi kwa chini, nyeusi ya lami. Pale kibandani tulipokuwa tukilipia gemu kwa mechi, kila mmoja wetu alijua kwa nini: weusi ule ndio unaozuia watu kudurufu. Hakuna aliyetuambia, tulijua tu. Mwenye kibanda alikuwa na diski nyeusi tatu alizozificha kwenye kabati, na nyingine lukuki za rangi ya fedha zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Zile za fedha ndizo tulizochezea. Hizi nyeusi alizionyesha tu, kama mtu anavyoonyesha cheti cha ndoa.

Miaka mingi baadaye nikaiweka diski nyeusi kwenye draivu ya kompyuta ya kawaida kabisa. Ikasomeka. Leza ya CD hutumia mwanga wa infraredi, wa urefu wa wimbi wa nanomita 780 hivi, na plastiki ile kwa mwanga huo ni kioo tu. Weusi ulikuwa urembo. Dakika chache tu nikawa na faili moja kubwa lenye diski nzima ndani yake. Nikalichoma kwenye CD tupu, nikaipeleka kwenye PlayStation ambayo haijawahi kuguswa na fundi. Nembo ikapita, kisha skrini ikaleta maandishi ya kunitaka niweke CD ya PlayStation.

Nilikuwa nimeiweka.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kesi ninayotaka kuichambua, kati ya Sony, watengenezaji wa PlayStation, na Stevens, muuza chipu za kulikwepa kufuli lao. Ilianzia Sydney mwaka 2001 na kumalizika Oktoba 6, 2005 mbele ya Mahakama Kuu ya Australia. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asichanganyikiwe: kwao Mahakama Kuu ndiyo ya mwisho kabisa, haina ya rufani juu yake.) Mwanzo hadi mwisho, majaji walikuwa wakibishana juu ya jambo nililoliona kwenye skrini ile. Kufuli lisilozuia nakala kutengenezwa, bali linaizuia tu isichezwe, je, ni kufuli la kuzuia udurufu?

Tuanze na kufuli lenyewe, kwa sababu mtu asipolielewa hili, hukumu yote itaonekana mchezo wa maneno.

Kwenye CD, data ni vishimo vidogo vilivyopangwa kwenye njia moja inayozunguka kutoka katikati kwenda nje. Kiwandani, Sony waliifanya sehemu ya mwanzo kabisa ya njia hiyo, ile inayotangulia data, iyumbe kidogo kushoto na kulia. Kuyumba huko kunabeba herufi nne. Diski za Japani zinasema SCEI, za Marekani SCEA, za Ulaya na Australia SCEE. Herufi hizo zinasomwa taratibu sana, kama biti 250 kwa sekunde, wakati data ya gemu yenyewe inamiminika kwa kilobaiti 300 hivi kwa sekunde. Mashine ikiwashwa, kidhibiti cha draivu kinazisikiliza herufi. Zisipokuwepo, au zikiwa za eneo lingine, gemu haianzi.

Sasa angalia draivu ya kompyuta inavyofanya. Nayo inaifuata njia ile inayoyumba, leza yake inajirekebisha kushoto, inajirekebisha kulia, wala haimwambii mtu. Kwake kuyumba ni kasoro ya kiwanda tu. Data inatoka kamili, kuyumba kunabaki kwenye plastiki. Hata ungepata programu ya kukuambia njia inayumba vipi, usingeweza kuandika kuyumba huko kwenye CD tupu, kwa maana CD tupu ina mfuo wake uliokwisha kuchongwa kiwandani, nao una mayumbo yake, ya kasi kubwa zaidi, ya kuiongoza leza inapochoma. Kwa hiyo nakala ni kamili kwa kila biti ya gemu, na bado inakosa kitu kimoja ambacho si sehemu ya gemu.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho kichwani. Ndiyo iliyomwokoa Stevens.

Hukumu, nitaje kwa haraka, inasema ukaguzi huo unafanywa na chipu iitwayo Boot ROM. Mafundi waliozifungua mashine hizo wanajua kwamba kazi inafanywa na kidhibiti cha draivu. Haikubadilisha kitu kisheria, lakini mtu aliyewahi kushika chuma cha kuchomelea atalitambua kosa hilo akisoma, na atatabasamu.

Stevens alikuwa mtu wa Sydney aliyeuza na kufunga chipu. Chipu yenyewe ni kitu kidogo cha ukubwa wa ukucha, nyaya chache zinachomelewa kwenye ubao wa mashine, na kazi yake ni moja tu: mashine inapoanza kusikiliza, chipu inazisema zile herufi kwa niaba ya diski. Haijali diski iliyomo ni nini. Inaweza kuwa nakala ya wizi, inaweza kuwa diski halali iliyonunuliwa Tokyo au Los Angeles, inaweza kuwa nakala ya akiba ya diski ambayo mwenyewe anayo kabatini, ila mtoto ameikwaruza. Zote tatu zinapita mlango mmoja. (Baadaye watengenezaji wa gemu waliweka mtego: gemu ikishaanza, inachungulia kama bado kuna anayetamka herufi wakati usio wake. Chipu mpya zikajifunza kunyamaza baada ya kuwasha.)

Stevens hakuwa malaika. Aliuza pia nakala za gemu zisizo halali, na madai ya Sony kuhusu alama zao za biashara yalithibitika tangu mahakama ya kwanza. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaompamba siku hizi kama mtetezi wa walaji. Lakini suala la chipu ni suala jingine, na mahakama ililitenga.

Sheria yenyewe ilikuwa mbichi. Machi 4, 2001 Australia ilianza kutumia marekebisho ya Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 1968, yaliyoletwa kwa ajili ya zama za kidijitali. Kifungu cha 116A kiliwapa wenye hakimiliki haki ya kumshtaki anayeuza kifaa cha kukwepa "hatua ya ulinzi ya kiteknolojia". Na hatua hiyo ilifafanuliwa kuwa ni kifaa kilichobuniwa, katika utendaji wake wa kawaida, kuzuia au kukwaza uvunjaji wa hakimiliki, ama kwa kutaka msimbo wa kuingilia, ama kwa mfumo wa kudhibiti udurufu.

Kuzuia au kukwaza uvunjaji wa hakimiliki. Haisemi kuzuia matumizi. Haisemi kuzuia kucheza.

Sony walikuja na hoja tatu. Ya kwanza ni ya akili ya kawaida: nani atahangaika kudurufu gemu isiyochezeka? Kufuli letu linawavunja watu moyo wa kudurufu, kwa hiyo linazuia. Ya pili ni ya kiufundi: gemu inapochezwa, vipande vyake vinaingia kwenye RAM ya mashine, yaani kumbukumbu yake ya muda, na kuingia huko ni kudurufu, kwa hiyo kufuli linazuia udurufu wa papo hapo. Ya tatu inafanana na ya pili, ila inaitazama gemu kama filamu. Nchini Australia hili si la ajabu. Tangu kesi ya Galaxy dhidi ya Sega mwaka 1997, gemu ya video inahesabiwa pia kuwa filamu kisheria, si programu ya kompyuta pekee.

Jaji Sackville, mwaka 2002, alikataa zote tatu. Tume ya Ushindani na Walaji ya Australia iliingia katika shauri hilo kama rafiki wa mahakama, yaani mshauri asiye mdai wala mdaiwa, na lililoisumbua hasa ni msimbo wa eneo, zile herufi nne zinazotofautiana kwa eneo: kwa nini mnunuzi aliyelipa pesa zake halali Marekani akataliwe na mashine yake mwenyewe nyumbani? Mwaka uliofuata jopo la rufaa la Mahakama ya Shirikisho likamgeuza Sackville. Majaji French, Lindgren na Finkelstein waliikubali ile hoja ya akili ya kawaida: kwa matokeo yake kufuli linakwaza udurufu, na hilo linatosha.

Nilipoisoma hukumu ya rufaa mara ya kwanza niliona wana haki. Kweli, nani atadurufu kitu kisichochezeka? Nilibadili mawazo nilipokumbuka kabati la yule mwenye kibanda. Zile diski za rangi ya fedha zilikuwa zimeshadurufiwa muda mrefu kabla hazijafika kwenye mashine yoyote. Wizi, kama ni wizi, ulifanyika kwenye kompyuta fulani, mbele ya draivu isiyojua hata kwamba kufuli lipo. Kufuli lilikuwa limekaa kwenye nyumba nyingine kabisa, likingoja. Mlinzi anayesimama kwenye mlango wa mnunuzi wa mali ya wizi, huwezi kumwita mlinzi wa ghala.

Mahakama Kuu ilikwenda njia hiyo, kwa lugha ya kisheria bila shaka. Majaji wote sita waliosikiliza walimpa Stevens ushindi. Hukumu ya pamoja iliandikwa na Jaji Mkuu Gleeson pamoja na Gummow, Hayne na Heydon. McHugh na Kirby waliandika za kwao, wakafika mahali palepale. Walisema kukwaza si kukatisha tamaa kwa ujumla. Kifaa lazima chenyewe, kwa utendaji wake, kifanye tendo la uvunjaji lishindikane au liwe gumu zaidi. Kufuli la PlayStation halikufanya kudurufu diski kuwe kugumu hata kidogo. Mtu yeyote mwenye kichomeo aliweza, na kucheza gemu si tendo ambalo hakimiliki inalikataza.

Hoja ya RAM ndiyo iliyonivutia kuliko zote, kwa kuwa imebeba zaidi ya gemu. PlayStation ile ilikuwa na RAM kuu ya megabaiti 2. Diski inabeba hadi megabaiti 650 hivi. Gemu inapita ndani ya RAM kama maji kwenye mkono: kipande kinaingia, kinatumika, kinafutwa, kingine kinaingia. Sheria ya wakati ule ilitaka nakala iwe katika umbo la kushikika ambalo kazi inaweza kutolewa tena kutoka humo, na mashine ya kawaida haina njia ya kuyatoa yaliyomo kwenye RAM yake kuyapeleka kokote. Kwa filamu nayo, sheria ilidai kitu ambamo picha na sauti zimehifadhiwa. Majaji wakasema hapana kwa yote mawili. Uingereza walikuwa wamesema ndiyo: mwaka 2004, katika kesi ya Sony dhidi ya Ball, Jaji Laddie aliona kuingia kwenye RAM kunatosha kuwa nakala, hata kama ni kwa kitambo kidogo. Nchi mbili zenye sheria za ukoo mmoja, mashine ileile, kampuni ileile, majibu mawili.

Na Kirby aligusa jambo ambalo wengine walilipita kwa adabu. Tafsiri ya Sony, alisema kwa maana hiyo, ingewapa mamlaka mapana kuliko hakimiliki yenyewe: kumwamulia mtu aliyenunua mashine na diski kwa pesa yake azitumieje. Msimbo wa eneo ulikuwa unazuia diski halali pamoja na za wizi. Kama kufuli lingetambuliwa kisheria lote kwa jumla, basi mgawanyo wa masoko wa kampuni nao ungegeuka kuwa sheria ya nchi.

Mwenye nakala ya akiba je? Huyu ndiye ninayemfikiria, kwa sababu ndiye mimi. Sheria ya Australia inamruhusu mwenye nakala halali ya programu ya kompyuta kutengeneza akiba, kifungu cha 47C. Inasikika vizuri mpaka usome zaidi. Ruhusa haifanyi kazi pale programu ilipobuniwa isidurufike bila kubadilishwa. Tena ruhusa ni ya programu, na gemu, kama tulivyoona, ni filamu pia, yenye picha na sauti ambazo kifungu hicho hakizigusi. Kwa hiyo hata siku ile Stevens aliposhinda, baba wa mtoto mwenye mikono ya ugali aliyetaka kuficha diski halisi na kuchezea nakala hakuwa salama kama magazeti yalivyomfanya adhani. Ushindi ulikuwa wa muuza chipu. Mwenye akiba alipita kwa nyuma mlango ukiwa wazi.

Upande wa kiufundi nao hauko laini hivyo, na watu wengi hupoteza akiba zao hapa bila kujua. Faili la aina ya ISO, nakala ya diski kwenye kompyuta, linachukua baiti 2048 kwa kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha data ya diski. Sekta halisi ya CD ina 2352. Gemu nyingi za PlayStation zina video na sauti zilizoandikwa katika sekta zisizofuata mpangilio wa 2048, na nyingine zina nyimbo za CD za kawaida baada ya data. Ukitengeneza ISO, gemu inaweza kuanza vizuri, ukafurahi, ukaitupa diski, kisha video ya kwanza ikifika inakwama au muziki haupo. Akiba ya kweli inachukuliwa mbichi, baiti 2352 zote, pamoja na faili dogo la kueleza nyimbo zinaanzia wapi.

Halafu kuna gemu za Ulaya zenye LibCrypt, kinga nyingine dhidi ya udurufu. Hizi zina ujanja ambao, nikiri, naupenda. Pembeni ya data ya kila sekta kuna mkondo mdogo unaoiambia draivu iko dakika ya ngapi ya diski, nao una hesabu yake ya kuhakiki makosa. LibCrypt iliharibu hesabu hiyo makusudi katika sekta chache maalumu. Gemu inasoma ni sekta zipi zimeharibika, inapata ufunguo wa biti 16, na bila ufunguo huo inagoma, mara nyingine katikati ya mchezo, ukiwa umeshafika mbali. Programu ya kawaida ya kudurufu ikikutana na sekta hizo inafanya wema: inaona kosa, inalisahihisha. Nakala inatoka safi kuliko ya asili, na kwa usafi huo haifanyi kazi. Anayetaka akiba ya gemu kama hizi lazima ahifadhi pia faili la pembeni linaloorodhesha makosa yale, la sivyo amehifadhi gemu iliyonyongwa kimyakimya.

LibCrypt, kwa njia, ingewapa Sony kesi bora zaidi kuliko herufi nne za kuyumba. Yenyewe kweli inamkwaza anayedurufu, pale pale anapodurufu.

Ila ushindi wa Stevens ulikuwa umepitwa na wakati siku uliposomwa. Mkataba wa biashara huria kati ya Australia na Marekani ulianza Januari 1, 2005, miezi tisa kabla ya hukumu, na pamoja nao maana ya umbo la kushikika ilikwisha kupanuliwa, nakala ikawa nakala hata kama haiwezi kutolewa tena mahali ilipohifadhiwa. Lango la RAM likafungwa wakati majaji bado wanaandika. Kisha likaja badiliko la mwaka 2006, lililoanza kutumika Januari 1, 2007. Sasa kufuli la kuingilia linalindwa lenyewe, bila kuuliza kama linazuia udurufu au linazuia kucheza. Swali ambalo mahakama tatu zililihangaikia miaka minne halipo tena kwenye vitabu.

Wabunge walibakiza kitu kimoja kutoka kwenye malalamiko ya ile tume. Kufuli halihesabiwi kuwa ulinzi pale linapofanya kazi ya kugawa masoko, yaani kumzuia mtu kucheza Australia gemu au filamu halali aliyoinunua nchi ya nje. Kwa hiyo kumfungulia mwenye diski ya Tokyo ni halali, kumfungulia mwenye nakala ni kosa, na mwenye akiba yuko upande wa pili pamoja na mwizi. Fundi anayeshika chuma cha moto mbele ya PlayStation iliyofunguliwa anachomelea nyaya zilezile kwa wote watatu, na chipu inazisema herufi zake nne bila kugeuka kuangalia diski iliyomo.